Sauti Niliyoifuta

Vieux Muhindo,

Ulikuwa huvumilii salamu ndefu, mzee wangu, kwa hiyo nitazikata. Jumamosi tumeondoa kilio chako, matanga yamekwisha. Mama Masika, mke wako, ni mzima, amekonda tu. Mimi Kahindo, mwanafunzi wako wa besi, ni mzima pia, ila nimechoka. Na ule wimbo wako wa roki, ule mmoja tu uliouimba kwa kinywa chako mwenyewe, nimeufuta sauti. Si vita, si wezi. Ni mimi.

Haya, nimeandika. Acha nipumue kidogo.

Tangu uondoke, mji umekuwa mwingine na umebaki ule ule. Uwanja wa ndege umenyamaza. Ofisini kuna watu wapya, walioingia na bunduki, na mihuri mipya. Kule kambini Kanyaruchinya, mlikokaa na Mama Masika mlipokimbia kutoka kwenu Kiwanja, hakuna hema tena hata moja. Watu waliambiwa warudi kwao, wakarudi, hata wale ambao kwao hakuna kilichosimama. Yamebaki mawe meusi ya volkano na vipande vya plastiki. Soko la Birere linauza kama kawaida, maana Birere hata siku ya kiyama itakuwa inauza. Tumechoka, Vieux. Tumechoka hadi kulalamika kunatuchosha.

Nimekuwa nikifikiria maisha yako, kwa sababu kwenye kilio watu walitaka nisimame niyaseme, na mimi nilibabaika kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ningewaambia nini? Kwamba ulikuwa unashusha magunia ya unga Mugunga, miaka ile wakimbizi walipofunika kilima chote, na dereva mmoja akakuachia kaseti ya roki? Ulinisimulia mara mia. Ulisema gitaa lile lilinguruma kama mashine ya kusaga mihogo, ukasimama na gunia begani, ukasahau kulitua. Ukajitafutia besi ya nyuzi tatu Birere. Volkano ilipolipuka ikaila. Ukatafuta nyingine. Kundi lako la roki lilikuwa na watu watatu na lilifanya matamasha mawili, na la pili, kwenye ukumbi wa parokia, katekista alikuja mbele akawaomba kwa upole mpunguze shetani kidogo. Kila ukifika hapo ulicheka mpaka unakohoa.

Baada ya hapo ukawa mtu wa studio. Miaka yote iliyobaki uliwapigia wengine. Kwaya za watu wa Butembo na Beni, kwaya za Masisi, waimbaji wa rumba, matangazo ya sabuni redioni. Nilipokuja kwako vidole vyangu vilikuwa na haraka, na wewe ulikuwa unaniambia, macho umefumba: «Kahindo, pole pole. Apa hatukimbie vita.»

Halafu kulikuwa na zile témoin. Asiyefanya kazi yetu hajui. Kabla mwimbaji mwenyewe hajafika, mtu wa studio anaimba wimbo wote ili wapiga ngoma na magitaa wajue unaelekea wapi. Ndiyo témoin. Mwimbaji akija, anavaa vifaa masikioni, anasikiliza jinsi ulivyoimba, anafuata, na akimaliza ile ya kwanza inafutwa. Wewe ndiye uliyekuwa témoin ya mji mzima. Uliimba Kinande, Kihunde, Kiswahili, Lingala, hata nyimbo za bi harusi. Kuna waimbaji hapa wanaosimamishwa barabarani kwa sifa, na mimi nikiwasikia najua pale anapovuta pumzi ni wewe, pale anapochelewa kidogo ni wewe. Halafu ulikuwa unaniangalia unasema: «Futa, mutoto. Ya kweli imeshafika.» Nikafuta. Nimefuta sauti yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara kwa amri yako.

Hapo ninakukasirikia, Vieux. Sitaki kukuficha.

Kwa sababu siku ile ulipopata wimbo wako mwenyewe, ukaimba vizuri hadi Dieumerci, mwenye studio, akavua kofia, ulisema nini? Ulisema una mafua. Ukasema: «Hii ni témoin tu. Nitaimba ya kweli vita ikitulia.» Na ukamwambia aiandike hivyo kwenye kompyuta. Témoin. Vita inatulia lini hapa kwetu?

Presha ilikuangusha wiki ile ya risasi, mji ulipotekwa. Hospitalini majeruhi walilala hadi sakafuni, na mzee wa presha akangojea zamu ambayo haikufika. Tulikuzika tukiwa watu saba tu, huku tunageuka nyuma nyuma. Siku hizo hizo Dieumerci alikuwa anahamisha vitu vya studio kutoka Birere kabla havijabebwa na wengine. Mtandao uliporudi akanipigia: «Kahindo, disque ya kompyuta imejaa. Nifute nini?» Sikufikiri hata. Niliwaza jeneza, niliwaza Mama Masika aliyekuwa hali chakula. Mdomo wangu ukajijibu wenyewe, kama ulivyoufundisha. Nikasema: «Futa témoin zote. Bakisha za kweli.»

Basi akafuta.

Sikujua nimefanya nini hadi mwezi uliopita. Mama Masika alikuja kwangu na kitenge chake cha kilio, akakaa, akasema siku ya kuondoa kilio imepangwa, na hataki kwaya ianze. «Nataka batu basikie sauti yake kwanza. Unitafutie ule wimbo.» Nikaenda kwa Dieumerci. Tukafungua. Ngoma ipo. Gitaa lipo. Besi yako ipo, safi. Pa sauti hapana kitu. Tulitafuta kwenye simu, kwenye flash, kwa ndugu yake anayetengeneza kompyuta. Dieumerci akaniangalia, nami nikamwangalia, na wote wawili tukakumbuka ile simu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linalonichoma. Ningeweza kusema ni vita. Mwaka huu vita inasingiziwa kila kitu na hakuna anayeuliza mara ya pili. Disque iliungua, disque iliibiwa, nani angenibishia? Nilikaa siku tatu na uongo huo tayari mdomoni. Nilikuwa na mpango hata: niimbe mimi mwenyewe, maneno nayajua, mapumziko yako nayajua, niwape wimbo mzima watu wapige makofi. Niliuimba peke yangu, na ni aibu kusema, niliuimba vizuri.

Siku ya nne nilimkuta Mama Masika anachagua maharagwe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakulia. Akauliza tu: «Weye njo ulifuta?» Nikasema ndiye miye niliyefuta, mama. Akaendelea kutoa vijiwe kwenye sinia kimoja kimoja. Kisha akasema, na hasira ile haikuwa kwangu, ilikuwa kwako: «Yeye mwenyewe njo alikufundisha vile. Kila siku témoin, témoin. Nilimwambiaka, papa, imba ya kweli sasa.» Ndipo machozi yakaja, yake na yangu, tukalowesha maharagwe.

Alipotulia akataka kusikia kilichobaki. Nikamchezea wimbo kwenye simu. Ngoma zikaingia, gitaa likanguruma, na palipofika mahali pako akainua kidole. Alikuwa anapajua. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, ubeti wote, kwa sababu uliufanyia mazoezi hemani miezi mingi na besi isiyo na umeme, na yeye alikuwa amelala pembeni akikusikia. Nikamwambia nitauimba mimi, mama, nikutengenezee. Akatikisa kichwa. «Hapana. Usiimbe pale. Ni fasi yake.»

Kwa hiyo Jumamosi tukaupiga hivyo hivyo. Uwanja wa kilio ulijaa, Vieux. Wale ambao hawakuweza kukuzika walikuja wote: kwaya tatu, wapiga rumba, wazee wa Kiwanja na kasiksi, pombe yao ya ndizi. Dieumerci akaleta boksi kubwa la spika. Wimbo ukaanza, watu wakainua vichwa, wengine wakatabasamu kwa zile kelele. Ubeti ukafika. Hakuna kitu. Wakangoja. Besi yako ikawa inatembea peke yake pale katikati, bila haraka. Wakaanza kutazamana. Kiongozi wa kwaya moja kubwa, unamjua, yule aliyejifunza nyimbo zake zote kwenye témoin zako, akageuka kwangu akauliza kwa sauti ya kanisani: «Sasa mwimbaji iko wapi?»

Mama Masika ndiye aliyejibu, bila kusimama.

«Njo huyu tunalilia.»

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuita mwimbaji. Ulikuwa mpiga besi, ulikuwa Vieux, ulikuwa «yule papa wa studio». Yule kiongozi akavua miwani. Kisha akasimama, na mwingine nyuma yake akasimama, na yule wa rumba, wale wote uliowaimbia kabla hawajafika. Hakuna aliyeimba. Walisimama wakikusikiliza pale usipokuwepo, hadi ngoma ya mwisho.

Nisamehe, Vieux. Sitakuambia ni sawa, kwa sababu si sawa. Sauti yako ilikuwepo duniani na mimi ndiye niliyesema ifutwe.

Ninakuahidi mambo mawili. Nafasi ile haitaingiwa na mtu, hata akija mwenye sauti ya dhahabu. Na mimi wiki ijayo ninaingia studio na wimbo wangu wa kwanza. Kifua kinanibana, mafua yameanza, na jana upande wa Sake mizinga imesikika tena. Nitaimba ya kweli siku hiyo hiyo.

Pumzika, papa. Umehama vya kutosha.

Kahindo