Sivcho Ametulia

Ijumaa, 7 Machi

Nimekanda unga mpaka mabega yanalia. Kesho ni sikukuu ya Mtakatifu Todor, sikukuu ya farasi, na mwanamke asiyeoka mkate wenye umbo la farasi atasemwa hadi Krismasi. Mkate wangu mmoja umetoka na miguu mitano. Nimeung'oa mguu wa ziada nikaula. Nani ataniona?

Tsanko yuko bandani tangu alfajiri. Anamsuka Sivcho singa, anamfunga nyuzi nyekundu, anamnong'oneza. Mimi mkewe naambiwa "ndiyo", "hapana" na "chumvi iko wapi". Farasi anapigiwa hadithi! Lakini sinuni. Mgodi ulipofungwa mwanamume huyu alilala kitandani akitazama ukuta. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, yeye yuko palepale. Nilikuwa nambembeleza anyoe ndevu kama mtoto. Kisha akaja Sivcho — mtoto wa farasi, kijivu, miguu matege, hakuna aliyemtaka — na siku hiyo Tsanko akaniuliza viatu vyake viko wapi. Sasa wanavuta magogo msituni wawili hao, wanarudi wananuka jasho lilelile. Namwogopea farasi yule kuliko ninavyojiogopea mwenyewe. Akiondoka yeye, nitabaki na ule ukuta. Basi, nimeshaliandika.

Jioni kapita Kumu Vangel kumkagua Sivcho kwa mashindano ya kesho ya kuvuta magogo. Yeye ndiye aliyesimamia ndoa yetu, ndiye aliyemsimamia binti yetu kwenye ubatizo, na kwetu kumu habishiwi — si mezani, si kanisani, si bandani. Kamfungua Sivcho kinywa, kampiga piga kifua. Kasema, "Bi harusi, kesho huyu atawatoa wenzake jasho." Nina wajukuu, bado naitwa bi harusi!

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda!! Gogo la msonobari, mlimani nyuma ya kanisa, matope hadi magotini. Wenzake walipigwa, walitukanwa, walisukumwa. Tsanko hakushika hata mjeledi. Alimwambia tu, "Twende, mwanangu," na Sivcho akainamisha shingo akapanda. Nilipiga kelele mpaka sauti imekauka. Mume wangu alitabasamu mbele za watu. Kwa meno!

Na leo ni siku ya wanawake pia, kwa hiyo Kumu kaniletea ua. Kasema la mshindi, si langu. Mzee huyu!

Kisha wanawake wakaanza kuja getini. Kila mmoja na mkate wake ndani ya kitambaa, bado wa moto. Mkate wa Todor hupewa farasi ili awe na afya, na leo kila mtu alitaka mkono wake uwemo katika baraka za mshindi. Sivcho mlafi hakukataa. Nilipomwona Bibi Tota na kikapu kizima nikajikaza: "Bibi Tota, ameshakula mno huyu." Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Wote wamekula, wangu ndio una nini? Una sumu?" Kikapu nikakishika mimi mwenyewe, nikamlisha kwa mkono wangu, huku Bibi Tota akitabasamu na kujifanyia ishara ya msalaba.

Nimepita bandani kabla ya kulala. Sivcho kasimama tu, nyasi hajagusa. Tsanko kasema kachoka. Hata mimi nimechoka.

Jumapili, 9 Machi. Asubuhi

Sivcho anaumwa. Anapara ardhi kwa kwato, anageuka kuutazama ubavu wake kama mtu aliyeitwa jina. Analala, anainuka, analala. Kinyesi hakuna. Masikio baridi. Tsanko anamzungusha uani, na yeye mwenyewe uso umekuwa wa majivu.

Nimempigia daktari Boeva, daktari wa mifugo wa mjini. Kauliza kala nini. Nikasema mikate ya Todor. "Mingi?" Mingi, nikasema. Kanieleza: mkate wa moto uliotoka tanurini ukiingia kwa wingi huumuka na kujaza gesi tumboni, na farasi hawezi kutapika, hana pa kuutolea. Tumwondolee chakula chote. Tusimpe kitu. Si mafuta, si pombe, si dawa yoyote, mpaka amwone! Anamaliza kumzalisha ng'ombe, anakuja. Nimeyarudia kwa sauti kubwa ili Tsanko asikie. Tusimpe kitu.

Adhuhuri

Kumu kaja. Mfukoni chupa ya dawa ya maumivu na sindano, zilizobaki sijui kwa mnyama gani. "Daktari wa nini? Yule msichana kaacha kunyonya juzi." Nikasema daktari kakataza dawa. Akacheka. "Bi harusi, mimi nilikuwa natibu farasi wewe ukikojoa kitandani." Tsanko kaangalia chini. Na mimi — mimi ambaye posta nzima nilikofanya kazi iliuogopa ulimi wangu! — nikanywea. Akamchoma shingoni.

Na jamani, Sivcho ametulia! Ameacha kupara. Macho yamelegea, hata kanusa nyasi. Tsanko kamwegemea shingoni akalia waziwazi, nami nikalia. Kumu kanyoosha kidole kwenye simu yangu: mwambie daktari asijisumbue. Nikapiga. Akauliza, kapewa chochote? Kumu amesimama mbele yangu, mikono kiunoni. Nikasema hapana. Akauliza tena, polepole, una hakika? Nikasema ndiyo, hajapewa kitu, katulia mwenyewe. Basi, akasema, kuna mwingine ananisubiri, akibadilika nipigie upesi.

Tumepika maharage. Kumu kala sahani mbili na kabichi ya chumvi. Yangu nimeyarudisha sufuriani.

Alasiri

Maumivu yamerudi. Mabaya zaidi. Anajitupa chini mzimamzima, kagonga kichwa kwenye nguzo. Jasho linachuruzika. Tsanko anamvuta, anamsihi kwa majina ambayo hata mimi sijawahi kuitwa. Simu ya daktari haishiki. Napiga. Haishiki.

Tsanko alipoenda kisimani nimemwona Kumu kupitia dirisha la jikoni. Kamchoma tena. Kaitupa sindano nyuma ya rundo la kuni.

Daktari kapokea! Anakuja.

Jumatatu, 10 Machi. Hospitali ya wanyama

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe. Ni asubuhi. Ukumbi unanuka dawa na nyasi. Tsanko kaketi sakafuni, mgongo ukutani, mbele ya mlango walimomwingiza Sivcho.

Niandike jana ilivyokwenda.

Daktari Boeva alifika jua likiwa bado juu ya vilima. Mdogo wa umbo, matope hadi kifuani, hakusalimia mtu kabla hajamshika farasi. Sivcho alikuwa ametulia tena, kainamisha kichwa, kama anayesinzia. Daktari akamsikiliza moyo, akakunja uso. Akamtazama ufizi. Akamsikiliza tumbo upande huu na upande ule, muda mrefu, akakunja uso tena. "Sielewi," akasema. "Moyo unakimbia kama wa mwenye maumivu makali, na yeye kasimama kama kondoo. Mmempa nini?"

"Maji," akasema Kumu.

"Maji tu?"

"Binti, nimesema maji."

Daktari akasimama akifikiri. Akasema kama ni kweli hana dawa mwilini, basi huenda gesi imeanza kushuka, atampitishia mpira puani kupunguza tumbo, tumlinde, kisha tuone asubuhi. Akainama kufungua mkoba wake. Tsanko akashusha pumzi. Tuone asubuhi! Nilimwona mume wangu akilishika hilo neno kama kamba.

Nilikuwa nimeshika ndoo. Sijui kwa nini naikumbuka ndoo. Niliwaza: nikisema, nimemvua Kumu nguo mbele ya mgeni, na mtu aliyetusimamia ndoa sitaweza kumtazama tena. Nisiposema, asubuhi Tsanko atamkuta Sivcho amekauka. Nikaiweka ndoo chini.

"Amechomwa sindano," nikasema. "Mbili. Adhuhuri moja, na nyingine alasiri. Ya maumivu. Na mimi ndiye niliyekudanganya kwenye simu."

Kumu akageuka taratibu. "Bi harusi. Unajua unalolisema?"

"Najua, Kumu. Sindano ipo nyuma ya kuni."

Tsanko akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilidhani atapiga mtu. Akaenda nyuma ya kuni, akarudi nayo mkononi, akampa daktari.

Daktari hakutugombeza. Afadhali angetugombeza! Akavaa glovu ndefu ya hadi begani, akaingiza mkono nyuma, akafumba macho akipapasa. Akatoa. Akamchoma sindano nyembamba chini ya tumbo, yakatoka maji yenye wekundu. Akatuonyesha kwenye mwanga. Akasema utumbo mkubwa umejaa gesi mpaka umehama mahali pake, na anahofia umejipinda. Dawa haikuukunjua, iliziba kelele tu. Anayelia akizibwa mdomo, akasema, si kwamba amepona. Hapa uani hana la kufanya. Apelekwe hospitali apasuliwe, na aende sasa hivi, la sivyo amlaze milele yeye mwenyewe kwa sindano, asiteseke.

Apelekwe kwa gari gani? Kijiji kizima kina trela moja la farasi. La Kumu.

Nikageuka. Hayupo! Kofia yake haipo, geti liko wazi. Nilijua tu. Nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika, na mimi mwenyewe nikajiambia mengine. Tsanko kakaa kwenye gogo, kashika kamba ya Sivcho kwa mikono miwili. Nikatoka mbio nikimbilie kwa Kumu, nimpigie magoti, nimbusu mkono, chochote.

Nilikutana na taa zake barabarani. Anarudi kinyumenyume, trela nyuma, anagonga ua wa jirani. Akashusha kioo. "Ondoka njiani," akasema.

Njiani Kumu anaendesha, Tsanko kakataa kukaa mbele, kapanda na Sivcho. Daktari Boeva kwenye gari lake nyuma yetu. Kila kwenye tuta Kumu alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Nilimwona akisogeza midomo. Alikuwa anasali au anatukana, sijui.

Hapa wakampokea watatu. Daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu mwenye mvi, akazungumza na Boeva haraka haraka, akampima, akaja kwetu. Akasema waziwazi: anaweza kumpasua, anaweza kufa mezani. Akipona, huenda asivute tena magogo mazito. Tumechelewa, akasema, ila hatujachelewa kabisa. Au tumlaze milele hapa hapa, bila maumivu. Hakuna aibu kwa lolote. Nani mwenye farasi?

Tsanko akafanya alichofanya maisha yake yote kila penye uamuzi, kununua shamba, kumpa mtoto jina: akamtazama Kumu. Na mimi nikajisemea haya, sasa mzee atatoa hukumu yake.

Kumu akaivua kofia. "Msiniulize mimi," akasema. "Muulizeni mkewe."

Wakanigeukia wote. Nilimtazama Tsanko, sikumtazama mwingine. Nikamwuliza, asipovuta tena, utamtaka? "Hata wa kukaa tu," akasema. "Hata wa kukaa tu, Gena."

Nikasema mpasueni.

Mlango ukafungwa. Boeva ameingia nao, kaomba avae ashike taa. Kupitia mlango nasikia mashine inayompumulia, inavuta, inashusha. Kila ikishusha nangoja ivute tena.

Kumu kaja kuketi karibu nami. Kofia mapajani. Kazeeka usiku mmoja, au mimi ndiye sikuwa namtazama. Nimetaka kumwomba radhi, nikajikuta sitaki. Wala hasira sina. Nimemhurumia tu, nikasogea ili apate nafasi ya miguu yake.

Kasema, bila kunitazama, "Yule Vihar wangu."

Vihar alikuwa farasi dume wake mweusi, fahari ya kijiji, alikufa miaka kadhaa nyuma. Moyo, alituambia. Ghafla tu, moyo. Tulimzika mlimani na kasisi alipita.

"Alijitupa chini hivi hivi," kasema. "Nikamchoma. Akatulia." Kaigeuza kofia, kaigeuza tena. "Nikaona nimemponya. Nikaenda kulala. Gena, nililala usingizi mtamu."