Moshi wa Nyumba ya Koko

Nyumbani kwa Bibi Nosim,
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa unakusumbua ukisimama sana sokoni Kwa Mrombo umepata nafuu. Ndugu yangu Oscar naye hajambo? Mwambie apunguze mwendo na hiyo pikipiki yake, barabara ya Sombetini ina mashimo ya kutosha. Sisi huku juu tu wazima. Baridi ndiyo inayotuonea. Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, na bibi yetu Koko anasema amepewa jicho jipya ili aangalie ukungu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu simu, Mama. Kila nikianza, mtandao unakuwa mbaya kwako, au wateja wanakungoja. Kwa hiyo nimeandika. Nimemwomba Oscar akukabidhi mkononi. Usimpe akusomee, soma mwenyewe.

Nianze na habari za kazi, kwa kuwa ulikuwa ukiniuliza. Kikundi cha bibi zetu kiliendelea vizuri hadi mwaka huu ulipoanza. Tulikuwa tukikutana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye nyumba akipika loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Nawapima presha, tunanyoosha viungo juani, kisha wanaongea mpaka ng'ombe warudi. Siku moja Bibi Nosim aliniuliza kama shirika langu lina mpango wa kuwaozesha tena, maana magoti yakilainika namna hii wataanza kuletewa posa. Koko akamjibu kwamba yeye Nosim hata bila magoti angekubali. Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini.

Unakumbuka pia utaratibu wetu wa moshi, kwa sababu nilikusimulia nikiwa na majivuno. Bibi wengi huku wanaishi peke yao na hawana simu. Tukakubaliana kwamba kila mmoja asubuhi aangalie paa la jirani yake. Ukiona moshi, jirani ameamka na amewasha moto. Watoto wakishakwenda shule na moshi hujauona, unachukua fimbo yako unakwenda kumwangalia. Bibi Nosim alikuwa akiangalia moshi wa Koko, na Koko akiangalia wa Nosim. Lakini mwishoni Koko alikuwa akimwuliza kila mpita njia kama moshi upo, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kabisa.

Ndipo wewe ukasema tumpeleke mjini akafanyiwe upasuaji. Sikulala vizuri kwa furaha. Tangu Baba afariki nilikuwa nikiomba siku moja wewe na mama mkwe wako mkae tena kama zamani. Ukasema atapumzika kwako mpaka jicho lipone, na wewe utakuwa ukipanda kila Jumapili baada ya ibada kuwatazama kuku wake. Nikakupa ufunguo. Koko mwenyewe alifukia makaa kwenye majivu, akatundika kibuyu chake cha maziwa mahali pake juu ya mafiga, kile chenye shanga alichopewa na mama yake alipoolewa. Akamwambia Nosim asisumbuke kutafuta moshi mpaka arudi.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na ninakushukuru kwa uji na supu ulizompikia. Hayo nayaandika kwa moyo mweupe, kwa sababu ulimtunza kweli, na hilo ndilo linalonichanganya akili hadi leo.

Siku ya kumrudisha tulishuka kwenye gari kanisani tukapanda kwa miguu. Mama, ungemwona! Kila hatua alisimama. Akataja migomba ya mchungaji. Akasema Mama Eunike amezeeka vibaya na mimi nimekonda. Akauona mlima, akaniuliza kama siku zote ulikuwa na rangi ile. Tulipofika kwake akasimama tena, akanishika mkono, akaniambia tumepotea njia, turudi nyuma. Akafumba lile jicho jipya, akatazama kwa lile la zamani, akalifumbua tena. Akasema labda daktari ameliweka vibaya.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na jivu, nguzo zimepangwa pembeni, na kamba za mafundi zimevutwa kwa ajili ya msingi. Mafiga yalikuwa yametupwa chini ya mgomba.

Nilikimbia kwa Bibi Nosim kuuliza. Hakuniitikia shikamoo yangu. Aliongea na Koko kana kwamba mimi ni mti. Alisimulia kwamba asubuhi moja aliona moshi kwenye paa la Koko, moshi mwingi, akashukuru Mungu kwamba mwenzake amerudi na anaona. Akakamua haraka, akabeba maziwa ya kumkaribisha, akashuka huku akimwita kwa jina. Akakuta mafundi wanachoma majani ya paa. Aliwauliza nani amewatuma, wakasema mwenye ufunguo. Akaketi pale na maziwa yake mpaka moto ukazimika.

Halafu akanigeukia. Akasema ninyi wasomi mna akili sana, mnamfunga mtu macho kwanza ndipo mnambomolea. Alidhani nimepanga mimi, Mama. Wote walidhani hivyo. Siku ya kikundi nilikaa nyumbani kwa Mama Eunike, ambaye zamu ilikuwa yake, na mashine yangu ya presha mapajani, na hakuna aliyekuja. Mama Eunike mwenyewe alinipa kiti akaenda shambani.

Nilikupigia simu nikilia, ukalia na wewe. Ukasema ni uamuzi wa Baba mkubwa Reginald na ukoo, kwamba walikuja kuchukua ufunguo, kwamba nawe ulisikia tu nyumba imekwisha kubomolewa. Nikakuamini. Nilikwenda kwa Baba mkubwa wakiwepo wageni wake, nikamwita mwizi wa mama yake mwenyewe. Hakunijibu kwa hasira. Alifuta miwani yake, akasema, binti, rudi ukamuulize uliyempa ufunguo. Niliona ni dharau. Nilitoka bila kuaga.

Sasa nisikilize. Juzi jioni nilikuwa nikimtia Koko dawa ya jicho hapa kwa Nosim, ambako tumehifadhiwa wote wawili, maana Nosim ameanza kuniitikia. Nikamwambia kwamba nitamshtaki Baba mkubwa. Koko akanizuia. Akasema Reginald hajui kitu. Nikamuuliza anajuaje. Akajifuta dawa iliyokuwa ikimtiririka shavuni, akaniambia kwamba kule Sombetini, jicho lilipoanza kutulia, kitu cha kwanza alichokitambua vizuri chumbani kwako kilikuwa kibuyu chake. Kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwenye khanga ya bluu, shanga zikichungulia.

Tulikuwa bado kwako, Mama. Siku ile nyumba ilikuwa bado imesimama; Nosim anasema moshi ule aliuona baadaye.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alifikiri umekileta ili umpe maziwa humo, kwa kuwa unajua chai ya maziwa ya pakiti haimkai tumboni. Akaona ni adabu kungoja. Kila asubuhi alikitazama akingoja ukishushe.

Kwa hiyo ulijua. Uliingia kwenye nyumba ile kwa ufunguo wangu, ukaokoa kitu kimoja, ukawaachia mafundi vingine. Labda uliona aibu kikiungua. Saa nyingine najiambia ulikichukua kwa upendo, na ndipo ninapoumia zaidi.

Najua utakalosema, kwa sababu uliwahi kulisema tukila, nami nikadhani ni maongezi tu. Utasema Oscar anataka kuoa na hana pa kumweka mkewe. Utasema mimi mwenyewe nilikufundisha kwamba moshi wa jikoni unawaua bibi macho na kifua, na kwamba kwako kuna bomba na umeme, mzee azeeke vizuri. Ni kweli nilisema hayo. Nilisema pia kwamba mzee huulizwa. Baba alikuwa kitindamimba, na kwa mila nyumba ya Koko ingekuwa ya Oscar siku Koko akiondoka. Hakuwa ameondoka. Alikwenda hospitali.

Mama, sijui nikuite nani kichwani mwangu ninapoamka. Nimefanya kazi ya kuwashawishi bibi hawa waamini kwamba wapo watu wa kuwaangalia, na aliyeniangalia mimi tangu nizaliwe ndiye aliyenitumia kumtoa mmoja wao nyumbani kwake. Sitakuja Sombetini kwa sasa. Usimtume Oscar kunibembeleza.

Jana kikundi kilikutana. Hawakukutana kwa mtu, walikwenda pale penye jivu. Walizing'oa kamba za mafundi wakazikunja vizuri, zipo hapa, fundi aje azichukue. Walirudisha mafiga mahali pake, na Koko akawasha moto peupe chini ya mbingu. Wanasema kila asubuhi atawasha mpaka kuta zisimame, na Nosim anaangalia moshi kama zamani. Nguzo zimebaki nzima, na Baba mkubwa, ambaye nimekwenda kumwomba radhi mbele ya wageni walewale, ameahidi mabati.

Koko amenikataza kukuandikia maneno makali, na unaona sikumsikiliza vizuri. Yeye hajakukataa. Amesema ukilete kibuyu chake mwenyewe, kwa mkono wako, kikiwa na maziwa ndani. Amenituma pia nikupe salamu yake ya Kimaa, "takwenya". Nilimwambia nitaandika kwamba umeitikia. Akasema hapana, itikio lako la "iko" atalisikia ukiwa umesimama mbele yake, na yeye akikutazama.

Wasalimie jirani zako wote, na Oscar mwambie dada yake anamkumbuka. Ubaki salama.

Ni mimi binti yako,
Silantoi