Mfungue Atembee

Baba, mwangaluka.

Nakuamkia kwa Kisukuma ili ujue mara moja kuwa ni mimi, Kabula, maana huku Iringa hakuna anayeniamkia hivyo. Kuna baridi, Baba. Ile ya Usangu iliyokufanya ujifunike shuka mbili ukienda zizini ni mchezo wa watoto. Nimevaa koti lako la kijani. Mama alisema nilichukue, na shingoni bado linanuka moshi, kwa hiyo sitalifua karibuni.

Ulisubiri sana kusikia neno hili na hukulisikia, basi nalisema: nimefika chuo. Nasoma upimaji wa ardhi, na kompyuta ninayo. Barua hii naiandika humo humo.

Ulipotuacha, Baba mdogo Shija ndiye aliyeshika fimbo yako, na mambo yote ya ng'ombe yakawa yake. Nilimwambia kwamba chuo kinataka kila mmoja awe na laptop, na kwamba nataka kumuuza Nyota, yule mtamba uliyenipa kwa mkono wako nilipofaulu. Aligonga fimbo chini mara mbili. Kisha akasema, "Nyota atazaa. Hiyo mashine itazaa nini?"

Mama alinitetea, wakaongea sana. Mwisho Baba mdogo alikubali kwa sharti moja: nikileta kitu kibovu, hakuna ng'ombe mwingine atakayetoka zizini kwa ajili ya shule. Hata wa Minza. Na mdogo wangu Minza alikuwa pale pale anapepeta mchele, ananitazama.

Sikuwahi kumiliki kompyuta maishani. Nikajiuliza wewe ungefanyaje, na jibu likaja upesi: ungefanya kama mnadani. Kwanza ulikuwa ukiuliza, unamtaka ng'ombe wa kazi gani, wa plau au wa maziwa? Nikampigia simu dada mmoja wa mwaka wa pili. Akaniambia programu zetu za kuchora ramani ni nzito, nisihangaike na wembamba wala rangi, RAM isipungue GB nane, diski iwe SSD, na iliyotumika inafaa tu. Nikaelewa kwamba natafuta ya plau.

Basi tukaingia soko la Mwanjelwa, Nyota ameshakuwa noti mkobani mwangu, Baba mdogo nyuma yangu na fimbo. Duka la kwanza kijana akatutolea moja nyembamba, ya rangi ya fedha, vitufe vinawaka taa. Baba mdogo akaipenda papo hapo. Alibonyeza zile taa kama mtoto. "Hii chuma, dada," kijana akasema, "haijasumbuka kabisa." Ilikuwa imechomekwa kwenye umeme.

Ndipo nikakusikia, Baba. Ile sauti yako ukimkuta ng'ombe mnene amefungwa kwenye kigingi na mwenyewe anamsifia: "Mfungue atembee." Nikamwambia kijana achomoe chaji. Akauliza ya nini tena, si inawaka? Nikarudia. Baba mdogo alikuwa hajamaliza soda aliyopewa, kioo kikawa cheusi.

Baba mdogo alinigeukia mimi. Alidhani nimeiharibu, akaanza kumwomba kijana msamaha, ikabidi nimweleze taratibu kwamba betri imekufa. Akaitazama kompyuta, akamtazama kijana, akasema, "Kumbe wamemlambisha chumvi." Unawakumbuka wale wauzaji wanaomlambisha ng'ombe chumvi ili anywe maji, tumbo lijae, mnunuzi adhani amenona. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tukuzike.

Duka jingine, chini kabisa ya rafu, kulikuwa na nyeusi, nene, imemeguka pembeni. Baba mdogo alikunja uso. Nikaiwasha bila chaji, nikaweka video, tukaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara huku tunaichungulia. Tuliporudi ilikuwa bado inacheza. Nikajaribu kila kitufe kwa kuandika majina ya ng'ombe wetu, kama ulivyowaita wewe. Baba mdogo akayasoma kwa kidole, moja moja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umemsahau Nyota."

Sikumsahau. Nilishindwa tu kumwandika. Nikalia pale dukani mbele za watu, nikikulilia wewe zaidi ya ng'ombe, na Baba mdogo akaniacha nilie. Nilipotulia nikamwandika. Halafu tukapatana bei, na hapo akaonyesha kuwa ni mdogo wako kweli: alitoka mlangoni mara mbili, zote akaitwa arudi.

Safari ya kuja chuo nilikuwa nayo mapajani. Basi liliposimama Nyololo niliifungua nione kama bado iko hai, abiria wakanicheka. Waache wacheke. Wiki iliyopita umeme ulikatika darasani, zile nyembamba za wenzangu zikalala moja baada ya nyingine, yangu ikaendelea kutembea mpaka nikamaliza ramani yangu ya kwanza. Jina lako liko pale chini, Baba, baada ya langu. Nikaipiga picha nikaituma nyumbani kwenye simu ya Mama. Jumamosi niliwapeleka wenzangu wawili mjini wakachague zao, na sasa nao wanasema "mfungue atembee". Nimewaambia ni maneno ya nani.

Jana Baba mdogo alipiga. Aliulizia baridi, akaulizia mashine, akakohoa kidogo. Kisha akasema ametenga ndama mmoja jike, mwekundu, na hatauzwa kwa jambo lingine lolote. "Huyu wa Minza," akasema. "Siku yake ikifika, mtakwenda wote Mwanjelwa. Wewe ndiye utakayemfungua."

Imezaa, Baba. Ile mashine imezaa.

Nitakwenda na Minza, nakuahidi, na nitakuwa nimevaa koti lako. Yeye ndiye atakayesema achomoe, mimi nitasimama nyuma tu. Lala salama huko uliko. Nimeanza kukuandikia asubuhi na sasa jua limeshapinda, kwa hiyo salamu sasa ni mwadila, Baba yangu. Sijachomeka chaji tangu nilipoanza.

Mwanao,
Kabula