Msikilize Upande wa Kulia

3 Machi
Binti yangu daktari wa wanyama,
Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Farasi jike mzee kazaa juzi, dume. Miguu mirefu hajui aiweke wapi. Namwita Miguu. Nimemtegea sikio ubavuni, moyo unavuma kama maji yanayopita kwenye mpira. Mwenye farasi kasema ukiwa mbovu anamchoma sindano afe. Nijibu kwa dereva huyu wa lori la nyasi.
Baba yako

5 Machi
Shikamoo Baba,
Mimi sijambo. Huo mgongo upumzishe, mkaidi wewe! Kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaotumika akiwa tumboni mwa mama tu. Akizaliwa hujifunga wenyewe, lakini huchukua siku kadhaa, na moyo huvuma hadi hapo. Msikilize tena akitimiza wiki.
Mwanao

9 Machi
Mwanangu,
U hali gani? Mimi leo hata mgongo umepona! Nimemsikiliza Miguu tena: kimya kabisa, moyo unadunda tu. Nimemwambia mwenye farasi Miguu ni mzima, tukapeana mikono. Jumatatu anaachiwa uwanjani akimbie.
Baba yako

10 Machi
Shikamoo Baba,
Salama huko? Mimi sijatulia tangu nisome barua yako. Ulimsikiliza upande gani? Nakujua, farasi humwendei ila kushoto. Mimi mwenyewe ulinivuta sikio kwa kupita kulia. Kukiwa na tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, mvumo husikika zaidi kulia. Zunguka, Baba. Tundu likiwa dogo anaweza kuishi miaka mingi, ila lazima nimpime kwa mashine. Asikimbie kwanza.
Mwanao

14 Machi
Mwanangu,
Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Barua yako imekaa mfukoni siku nne, naogopa kuzunguka. Jumatatu nilisema uwanja una matope. Jana nikasema mama yake anachechemea. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilificha hata nisiyoyajua.
Leo asubuhi nimezunguka. Unavuma, tena kwa nguvu.
Nimemwambia mwenye farasi. Kaniuliza miaka thelathini ya kutunza farasi nimekuwa nikisikiliza nini. Kanipa hadi kesho jioni, kisha sindano.
Usinijibu kwa barua. Panda lori hilohilo, uje na mashine yako. Utanikuta bandani, nimesimama kulia kwake.
Baba yako