Sauti ya Kutafuna Mezani kwa Shemeji

Shoga, nakuandikia nikiwa chooni kwa dada. Shemeji amenitia kinyaa.

Unakumbuka dada alienda chuo kikuu kwenye ule utafiti wa ubongo? Walimbandika nyaya kichwani, wakamsikilizisha sauti mbalimbali. Ilipofika ya mtu anayetafuna mdomo wazi, mistari kwenye kompyuta ikaruka juu. Mtafiti akamwambia, "Huna maringo wala huumwi. Ubongo wako unazipokea sauti kwa nguvu kuliko wa wengine." Dada alilia kwa furaha. Miaka sita shemeji anamwita mwenye kiburi kwa kutovumilia sauti za kutafuna!

Sasa leo mchana tuko mezani, baba mkwe wa dada yupo nasi, mama mkwe yuko jikoni. Shemeji akaweka simu katikati ya sahani. Amejirekodi MWENYEWE akitafuna, akifyonza mate. Chwa, chwa, chwa. Ptuu!

"Tuone huo ubongo wa kisayansi," akasema, anacheka, chakula kinaonekana mdomoni.

Dada akaziba masikio, machozi yanamtoka. Unajua shemeji alifanya nini? Akaongeza sauti. Shoga, AKAONGEZA!

Mama mkwe akatoka jikoni. Yule mama huwa hali mezani na watu, sote tunamsifu kwa adabu. Akaizima simu, akamwambia mwanawe, "Miaka arobaini nakula jikoni. Mlidhani ni heshima? Nilikuwa naukimbia mdomo wa baba yako."

Kisha akamgeukia dada. "Mwanangu, beba sahani yako, twende."

Wakafunga mlango wa jikoni. Baba mkwe kabaki na tonge shavuni, hatafuni, hamezi.