Mlango Tulioupita

Alhamisi, 4 Februari 1954

Alasiri tumezunguka tena na kasida. Kitongoji chote, nyumba ishirini na tatu. Mzee Chilumba kapiga dufu kama anayefukuza nyani shambani. Nimemkemea, akacheka. Wanawake wameitikia vizuri. Kikapu kimepata mtama kidogo, muhogo mkavu, kunde. Njaa ya mwaka huu imewahi. Kijiji chote cha Nandagala kinasubiri mahindi.

Kesho alfajiri mke wangu Zuhura atampelekea kikapu mwenye zamu ya kusaidiwa, akijifanya anakwenda kuazima ungo. Ni nani, watu hawajui. Hawatakiwi kujua. Ndiyo maana tunasimama kila mlango, hata wa huyo anayepewa, naye hutoa chochote, hata kiganja kimoja. Utaratibu huu aliuweka marehemu Mwalimu Issa, aliyenifundisha kasida. Mimi fundi cherehani tu, nimeurithi.

Jumanne, 9 Februari

Mvua. Nimeshona kanzu mbili.

Nimepita nyuma ya nyumba ya Bi Esha, mjane wa Mwalimu Issa. Alikuwa anatwanga. Nikasimama. Kinu chenye nafaka kina sauti nzito. Hiki kililia kikavu, mti kwa mti. Anatwanga kinu kitupu ili majirani wadhani anapika.

Nimemwambia Zuhura wiki hii zamu ni ya Bi Esha. Hakushangaa. Wanawake hujua mapema, huniacha nijione nimegundua mimi.

Alhamisi, 11 Februari

Nimefanya jambo. Sijui kama ni jema.

Tulipokaribia kwa Bi Esha niliona haya. Atatoa nini? Kumsomea mwenye kinu kitupu, kisha kumtegea kikapu, niliona ni ukatili. Nikaligeuza kundi. Tukashuka njia ya kisimani, tukatokea nyumba inayofuata. Kasida haikukatika. Kikapu kimejaa kuliko wiki iliyopita.

Mzee Chilumba alinitazama, akaendelea na dufu lake. Nimemwonea huruma mama wa watu. Basi.

Ijumaa, 12 Februari

Zuhura amerudi na kikapu vilevile alivyokipeleka. Bi Esha alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, akamwambia, "Mpelekeeni maskini, mwanangu. Hapa mmekosea nyumba."

Halafu Zuhura akanieleza nisilolijua. Jana Bi Esha alikuwa amesimama mlangoni. Kaniki safi, ushungi, bakuli mkononi. Ndani ya bakuli kunde. Alikuwa ametuwekea. Akatuona tunashuka kisimani.

"Mume wangu, umemtangaza." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ni kweli. Nyumba ishirini na mbili zimesomewa, moja imerukwa. Mjinga gani asiyejua maana yake? Wema wangu umenitokea puani. Na aliyevunjiwa heshima si mimi, ni yeye.

Jumapili, 14 Februari

Kijiji kizima kimeingiwa na huruma. Nawachukia wote. Mmoja kamwekea muhogo mlangoni mchana kweupe. Mwingine kamwita kutoka barabarani aje achukue mboga, sauti kama ya mnadani. Muhogo bado upo palepale, kuku wanaudonoa.

Nilikwenda kuomba radhi. Hodi mara tatu. Alikuwemo, nilimsikia anakohoa. Huyu mama alikuwa akinipa uji nilipokuwa mwanafunzi wa mumewe. Nimeondoka na maneno yangu mdomoni.

Jumatano, 17 Februari

Bi Esha ameondoka. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani alimwona jana asubuhi, bakora na furushi, ameshika njia ya Nambilanje kwa kaka yake. Kwa kijana ni siku mbili za miguu. Yeye mzee, ana njaa, na mito imejaa.

Naogopa.

Alhamisi, 18 Februari

Tumezunguka. Tulipofika usawa wa nyumba ya Bi Esha nikasikia mchi. Mti kwa mti. Nikainua mkono, kasida ikanyamaza, wote wakanitazama. Hakuna aliyesikia kitu. Zuhura akauokota ubeti akaumalizia yeye.

Jumamosi, 20 Februari

Nimesikia tena, wakati uleule. Nikafungua kamba, nikaingia. Kinu kipo pembeni. Buibui ametanda mdomoni mwake, utando mzima, haujaguswa. Nikiwa nautazama, mdundo ukatoka uani. Nikaenda uani, ukatoka ndani. Nilikimbia. Mtu mzima na ndevu zangu, mbio, kofia mkononi.

Daftari hili Zuhura hawezi kulisoma. Bora.

Jumatatu, 1 Machi

Sishoni sawasawa. Leo nimekata mkono wa kanzu mfupi kuliko mwenzake, na kitambaa ni cha mtu. Kila alasiri mchi. Nimejaribu kupiga cherehani kwa nguvu nisiusikie. Nausikia.

Zuhura anasema niende kwa mganga. Baadaye akasema niende Nambilanje. Nimejibu mito imejaa. Imejaa kweli, lakini nisiongope hapa: nimefurahi kwamba imejaa.

Jumamosi, 13 Machi

Dereva wa lori la Ruponda anasema maji yamepungua. Sina kisingizio. Nimetia pumzi magurudumu ya baiskeli, ileile niliyoinunua kwa ujira wa kung'oa visiki Nachingwea enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Kesho asubuhi. Nitamwangukia miguuni, mbele ya kaka yake, mbele ya yeyote. Anisamehe au anifukuze, potelea mbali, lakini anisikie.

Jumanne, 16 Machi. Nambilanje

Bi Esha amefariki. Wiki mbili sasa, homa ya kifua. Alifika kwa miguu yake mwenyewe, akaishi siku kumi na mbili.

Kaka yake, Mzee Bakari, amenipeleka kaburini. Nimesoma Yasini. Kichwani nilikuwa nahesabu siku. Mchi nilianza kuusikia angali hai. Basi si mzimu wake. Ni mimi.

Nilitaka kuungama palepale. Mzee Bakari akanishika mikono yote miwili kabla sijafungua kinywa.

"Dada kanieleza. Njaa yote hii nlango wake hankuuruka hata siku moja. Alhamisi ile ya mwisho ninyi nkasimama, nkansomea, naye katoa kunde zake. Mungu awalipe." Akalia.

Alimdanganya kaka yake. Ameficha aibu yake, na yangu ikafichika humo humo.

Nikajibu, "Ndivyo, mzee."

Njia nzima nilibeba maneno ya kumwambia. Nimesema mawili, na yote uongo.

Ijumaa, 19 Machi

Nimefika kabla ya swala. Mzee Bakari alinifungia gunia la mahindi mabichi nyuma ya baiskeli, mahindi ya kwanza ya shamba lake. Sadaka ya dada yake kwa kundi lisilompita mlangoni. Ningelikataaje? Ningesema nini?

Msikitini nimetangaza msiba. Watu wamemwombea. Hakuna aliyenilaumu. Mzee Chilumba kanishika bega, kasema siku zake zilikuwa zimefika. Nilitaka mtu mmoja anitukane.

Alasiri tumegawa mahindi nyumba kwa nyumba, mawili mawili. Bila dufu.

Kwetu pia tumepata mawili. Zuhura ameyachemsha kwa chumvi, moja lake, moja langu. Tumekula. Lilikuwa tamu. Nimelimaliza.