Picha za Mirihi kwa Baba Mkwe

12 Februari

Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia nafasi ya kulala. Shangazi naye nisalimie sana. Mimi sijambo. Kazi ya chumba cha eksirei ni ileile, mifupa asubuhi, mapafu mchana.

Nimekuchapishia picha mpya zilizotumwa na kile kigari kisicho na dereva kilichoko kwenye sayari ya Mirihi. Hii ya jabali lililopasuka imepigwa na kamera iliyo juu ya mlingoti. Ile isiyo na rangi imepigwa na kamera ya chini ya tumbo, wanayotumia kuangalia kigari kisipande mwamba. Tazama alama za magurudumu mchangani. Naona gurudumu moja limeanza kutoboka, au macho yangu tu?

Tangu tumzike mwanao, mke wangu, sijaacha ile tabia. Nikipata picha nzuri nageuka kumwonyesha, halafu nakumbuka.

Mkweo

1 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi hapa tunaendelea. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Dada yangu, huyo Shangazi unayemsalimia, ameniletea barua yako kutoka posta huku akinung'unika kwamba wanaume wazima wanaandikiana habari za mawe. Nikamwambia mawe hayo hayajamkosea mtu.

Gurudumu limetoboka kweli. Lakini picha ya jabali siamini rangi yake. Kwenye studio yangu nimeona maharusi wakitoka na nyuso za kijani kwa sababu ya taa mbaya. Wanajuaje kwamba mchanga ule ni mwekundu kiasi hicho, na si kamera iliyotia chumvi? Nijibu hilo kwanza. Halafu niambie ule upepo wa Mirihi, ambao redioni walisema kigari kimenasa sauti yake, unalia vipi, maana mimi na simu hatusikilizani.

Unakumbuka wodini, ulipotoa simu ukatuonyesha picha ya kwanza? Mwanangu alitutazama akasema, "Afadhali nyie mmepata pa kukimbilia." Nilicheka siku ile. Sasa barua yako ikichelewa, nyumba hii inakuwa kubwa mno kwangu.

Mkweo

19 Machi

Baba Mkwe,

Shikamoo. Habari za tangu barua ya mwisho? Huku ni salama.

Swali lako lina jibu. Kigari kimebeba kibao chenye vipande vya rangi vilivyopimwa hapa duniani kabla ya safari. Wanakipiga picha kulekule, kisha wanalinganisha. Ukungu wa vumbi ukibadilisha mwanga, kibao kinawaumbua. Pia kuna leza, mwali mkali wa mwanga. Inapiga jiwe, jiwe linatoa cheche, na chombo kinasoma mwanga wa ile cheche kujua jiwe lina madini gani. Kinasa sauti kinaisikia: tik, tik, kama mtu anayegonganisha kucha. Upepo wenyewe ni kama mtu anayepumua nyuma ya mlango, asibishe hodi.

Baba Mkwe, nimezunguka sana na vyombo hivi kwa sababu nina neno zito. Kuna mwanamke, mwalimu wa chekechea, mjane kama mimi nilivyo mgane. Tumekubaliana kuoana mwezi wa Juni. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu, usilisikie njiani. Mwanao sijamfuta. Naomba tu usiache kuniandikia.

Mkweo

30 Aprili

Baba Mkwe,

Shikamoo. Sijapata jibu, na barua yangu haikurudi, kwa hiyo najua imefika.

Leo sina picha. Jua limekaa katikati ya dunia na Mirihi, linavuruga mawasiliano, na mafundi wameacha kutuma amri mpaka lipite. Kigari kimesimama palepale kilipoachwa. Nimeandika tu kukujulia hali. Kikohozi je?

Mkweo

8 Juni

Mkwe wangu,

Marahaba. Nilikasirika, sitakudanganya. Picha zako nilizirudisha kwenye bahasha nikaziweka juu ya kabati. Dada yangu ndiye kanizidi, hataki hata utajwe wakati wa kula. Siku moja nilikuwa naosha vyombo, nikajikuta nabishana na wewe kwa sauti, na wewe ulikuwa unashinda.

Mama yake mwanangu alipofariki, mimi nilikuwa kijana kuliko ulivyo sasa. Sikuoa tena, na watu wakanisifu. Wakishanisifu walirudi makwao. Sitaki na wewe usifiwe hivyo.

Lakini ndoani sitakuja. Nikimwona amekaa ubavuni kwako naweza kutamka neno nikashindwa kulimeza tena. Njoo Agosti. Kwanza uje peke yako, tukae, nikutazame. Safari ya pili uje naye. Na usisahau picha, jua litakuwa limeshawapisha.

Kikohozi kimeshuka kifuani. Usinitumie masharti ya dawa. Wewe kazi yako ni kupiga picha mapafu, kama mimi nilivyopiga sura za watu bila kuwaongezea uzuri.

Mkweo bado

27 Juni

Baba Mkwe,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama palepale posta. Ahsante.

Ndoa imepita kimyakimya. Mke wangu anakusalimu. Amesema atangoja zamu yake.

Kigari kimeanza kutuma tena. Wamepiga machweo ya Mirihi. Baba, kule jua likizama, mbingu kandokando yake inakuwa ya buluu. Kibao cha rangi kimethibitisha. Hii siipeleki posta, nitakuja nayo mkononi Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Tafadhali nenda hospitali ukapigwe eksirei, hata kama hunisikilizi kwa jingine lolote.

Mkweo

16 Julai

Kwako mkwe,

Salamu. Mwili wangu ni mzima.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeifungua mimi. Kaka yangu hayupo tena. Mapafu yalimshinda, amefia hospitalini mwanzoni mwa mwezi huu. Wakati barua inafika alikuwa ameshalazwa, na sikumpelekea. Tumemzika kando ya mwanawe.

Hukupewa habari, na aliyezuia ni mimi. Wengine walitaka upigiwe simu. Nikasema huyo sasa ni mkwe wa watu, mwacheni. Waliokuja kutupa pole walikuulizia, nikawajibu uko mbali.

Kabla hajakata kauli aliniambia, "Akija na mkewe, wasisimamishwe mlangoni." Nilidhani ni homa inasema. Akarudia, akaning'ang'ania mkono mpaka nikaitikia.

Moyo wangu kwako bado mgumu, sikufichi. Huyo mkeo simjui na sina hamu ya kumjua. Lakini niliitikia. Njoo Agosti kama ulivyopanga, na uje naye. Mkibisha hodi, nitafungua.

Shangazi